Hakunipiga tumboni. Je, mtoto yuko salama?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mimba ya wiki 29, ni ya pili. Juzi usiku mume wangu alinipiga makofi, akanikaba shingo kidogo, akanisukuma nikaangukia ubavu kwenye mkono wa kochi. Tumbo hakuligusa, na mwenyewe anasema hata akiwa na hasira vipi hawezi kumpiga mwanawe. Damu haijatoka. Mtoto anacheza ila naona kama amepunguza tangu jana. Wifi yangu anasema mtoto yuko ndani ya maji, hafikiwi na kitu, na nikienda hospitali nitamwaibisha kaka yake. Kliniki nimepangiwa wiki ijayo. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1, nesi akaniambia ni kwa sababu sikuwa nakula. Naomba kujua, kipigo kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na hata akishazaliwa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na la haraka, mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni: nenda hospitali leo. Usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Kama unaweza kuchagua, nenda kwenye hospitali au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, usiishie zahanati. Mtoto wa wiki 29 aliyepunguza kucheza baada ya mama yake kupigwa na kuanguka anahitaji kusikilizwa mapigo ya moyo leo hii, hata kama wewe unajisikia mzima. Na ukiona damu, au maji yanatoka ukeni, au tumbo limekaza na halilegei, au mtoto ameacha kabisa kucheza, hapo ni kukodi bajaji au gari saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana.

Ukifika, usiseme umeteleza bafuni. Sema hivi: "Nilipigwa juzi usiku, nilikabwa shingo, niliangukia ubavu, na mtoto amepunguza kucheza." Mjamzito aliyeteleza anaweza kupimwa presha, akapewa panadol na kurudishwa nyumbani. Aliyesema maneno hayo anawekwa kitandani na kuangaliwa kwa saa kadhaa, na hizo saa ndizo unazozihitaji.

Sasa swali lako. Ndiyo, kipigo kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na si lazima kipigo kilenge tumbo.

Wifi yako hajakosea yote. Maji ya uzazi yanamkinga mtoto kweli, na miezi mitatu ya kwanza mji wa mimba umejificha ndani ya mifupa ya nyonga. Lakini ukifika wiki ya 20 umepanda hadi usawa wa kitovu, na wiki ya 29 umeupita kitovu vizuri, uko mbele, bila mfupa wa kuukinga. Maji yanapunguza nguvu ya pigo, hayaiondoi. Isitoshe, kinachotutia hofu sisi madaktari baada ya ajali au kipigo kwa kawaida si mtoto kuvunjika mfupa, ingawa hilo nalo limewahi kutokea. Tunaogopa kondo la nyuma kuachia.

Kondo limeshikana na ukuta wa mji wa mimba. Ukuta ule ni msuli, unanyumbuka. Kondo lenyewe halinyumbuki. Mama akisukumwa akagonga kochi, mji wa mimba unajikunja na kujikunjua kwa ghafla, kondo linashindwa kuufuata, linabanduka kama plasta iliyobandikwa juu ya mpira uliovutwa. Damu inavuja katikati ya vile viwili, na kadiri inavyojaa ndivyo inavyozidi kubandua. Kwa hiyo ubavu wako kugonga kochi kunatosha. Tumbo lenyewe halikuhitaji kuguswa.

Nikueleze pia kwa nini "damu haijatoka" hainitoshi. Damu inaweza kunaswa nyuma ya kondo isitoke hata tone. Mama anahisi maumivu ya tumbo au ya mgongo, tumbo linakaza, mtoto anatulia, na nguo ya ndani ni safi kabisa. Hata utrasaundi inaweza kuikosa damu hiyo, kwa hiyo ukipimwa ukaambiwa picha iko sawa huku tumbo linakuuma na kukaza, usikubali kuondoka haraka. Mara nyingi kondo lililoachia baada ya jeraha hujionesha ndani ya saa 24, lakini lipo linaloanza kidogo kidogo na kujulikana siku kadhaa baadaye. Wewe uko siku ya pili, bado umo katika muda wa kuangaliwa.

Ukishalazwa pale, mkunga ataweka kiganja chake juu ya tumbo na kukiacha kwa dakika kadhaa, akihesabu linakaza mara ngapi na linalegea vipi. Atasikiliza mapigo ya mtoto kwa kile kipaza sauti kidogo au kwa pembe ya kusikilizia, akitafuta kati ya 110 na 160 kwa dakika, kisha atarudia tena na tena. Wataalamu wanataka uangalizi huo usipungue saa 4, na ukiwa na maumivu, damu au tumbo linalokaza, uendelee hadi saa 24. Watakuuliza kundi la damu. Liangalie kwenye kadi yako ya kliniki: kama lina alama ya kutoa, yaani ni hasi, waambie mapema, kwa sababu damu ya mtoto inaweza kuwa imechanganyika na yako, na kuna sindano ya anti-D inayotakiwa ichomwe ndani ya saa 72 ili mwili wako usije ukaishambulia damu ya mtoto huyu au wa baadaye. Saa zako 72 zimeshaanza kuhesabika tangu juzi. Na wakiona dalili za uchungu wa mapema, katika wiki ya 29 kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Hizo huchomwa kabla hajazaliwa, na zimeokoa njiti wengi sana.

Kuna neno moja kwenye barua yako ambalo limenisumbua kuliko kochi. Umeandika "akanikaba shingo kidogo", ukapita. Mimi siwezi kulipita.

Kukaba shingo hakuna kidogo. Mikono ikibana shingo inazuia hewa na damu iendayo kwenye ubongo wa mama, na mtoto hana pua yake mwenyewe huko ndani. Hewa yake yote inatoka kwenye damu yako. Mara nyingi shingo haibaki na alama yoyote kwa nje, lakini ndani mshipa unaweza kuwa umejeruhiwa na kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye. Mwambie daktari kama ulipoteza fahamu hata kwa sekunde chache, kama ulijikojolea, kama sauti imekwaruza, kumeza kunauma, kichwa kinauma, au kuna vidoti vyekundu machoni. Hili pia lazima nikuambie wazi, hata kama litakutisha: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa shingo na mwenzi wake ana hatari zaidi ya mara 7 ya kuja kuuawa na mwanaume huyo huyo, akilinganishwa na wanawake wengine wanaopigwa ambao hawajakabwa. Sisemi kwamba ndivyo itakavyokuwa kwako. Nasema usiliweke hili katika kundi la ugomvi wa kawaida wa ndani ya nyumba, na usimruhusu mtu yeyote, awe wifi, awe shemeji, awe mshenga, akulazimishe kuliweka huko.

Sasa tuje kwenye madhara yasiyoonekana siku hiyo hiyo.

Mwili wa mwanamke anayeishi kwa hofu unafanya kazi kama mwili wa mtu anayejiandaa kukimbia, kila siku, mchana na usiku. Homoni za mfadhaiko zinapanda, mishipa ya damu inabana, na damu inayokwenda kwenye mji wa mimba inaweza kupungua. Hofu ya muda mrefu inahusishwa pia na uchungu kuanza kabla ya wakati. Juu ya hapo kuna mambo ambayo kila mkunga anayajua. Mama anachelewa kuanza kliniki kwa sababu ananyimwa nauli, au anasubiri uso upungue uvimbe. Anaruka mahudhurio, kwa hiyo anakosa dozi za SP za kuzuia malaria. Vidonge vya kuongeza damu vya FEFO vinaisha hafuati vingine, damu inapungua. Mwenye VVU anaficha dawa zake, siku nyingine anashindwa kuzimeza. Mwingine analazimishwa tendo la ndoa na kupata magonjwa ya zinaa, ambayo nayo yanaweza kupasua chupa mapema. Usingizi hakuna. Chakula hakipiti.

Hapo ndipo nataka nirudi kwa mtoto wako wa kwanza. Kilo 2.1 ni chini ya kilo 2.5, ndiyo maana alihesabiwa kuwa na uzito pungufu. Uliambiwa hukuwa unakula. Je, kuna aliyekuuliza kwa nini hukuwa unakula? Kama ulikuwa unapigwa wakati ule pia, mwanangu, acha kubeba lawama hiyo. Sina uwezo wa kusema kwa uhakika kilichopunguza uzito wa mtoto yule, kwani malaria, presha, upungufu wa damu na mimba yenyewe vyote vinaweza. Lakini uhusiano kati ya kipigo na uzito umepimwa hapa hapa kwetu. Watafiti waliwafuatilia wajawazito zaidi ya 1,100 mjini Moshi hadi wakajifungua, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Karibu 3 kati ya kila 10 walifanyiwa ukatili wa aina fulani na wenzi wao wakati wa mimba. Waliopigwa walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kujifungua kabla ya wakati, na kama mara tatu ya kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Kwa wale ambao mimba zao za nyuma ziliwahi kuwa na matatizo, hatari ilikuwa kubwa zaidi. Wewe uko katika kundi hilo la mwisho, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka uonwe leo. Mwambie daktari uzito wa mtoto wa kwanza bila kusubiri akuulize.

Umeuliza pia kuhusu mtoto akishazaliwa. Anayezaliwa kabla ya wiki 37, au akiwa mdogo sana, anakuja na kazi ngumu ya siku za mwanzo. Mapafu hayajakomaa, anahema kwa shida. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, anapoa haraka. Sukari inashuka, manjano inapanda, maambukizi yanamkuta hana kinga ya kutosha, na nguvu za kunyonya ni ndogo. Mengi kati ya haya yanatibika, na njia mojawapo bora haina gharama: kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, kangaroo, saa nyingi kadiri inavyowezekana, na kumpa maziwa ya mama peke yake, hata kama ni kwa kukamua na kikombe.

Lakini angalia njia hiyo inadai nini. Inadai mama aliyetulia. Maziwa yanatengenezwa, ila ili yashuke yanahitaji homoni ya oksitosini, na hofu inaizuia. Ndiyo maana mama aliyetukanwa au kupigwa asubuhi anaweza kukaa na mtoto kwenye titi na kuona hakitoki kitu, halafu anaambiwa hana maziwa, mtoto anaanzishiwa uji au maziwa ya ng'ombe akiwa na wiki tatu. Maziwa anayo. Kilichokosekana ni utulivu wa kuyaruhusu yashuke. Vilevile wanawake waliopigwa wakati wa mimba hupata sonona baada ya kujifungua mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mama analia bila kujua sababu, hataki kumshika mtoto, anahisi afadhali asingekuwepo. Ni ugonjwa, unatibika, na anayejisikia hivyo aseme kwenye kliniki ya mtoto kama anavyosema homa. Na usisahau kwamba kichanga anakaa mikononi mwako muda mwingi wa siku: pigo lililolengwa kwako linaweza kumwangukia yeye, na shingo yake bado haijakaza.

Mume wako anasema hawezi kumpiga mwanawe. Huenda anaamini hivyo kwa moyo wote. Kwa mwezi huu wa saba, hakuna njia ya kukupiga wewe bila kumfikia yeye, na kama siku moja atakuwa tayari kusikia, aambiwe hivyo na daktari mbele ya vipimo, si na wewe peke yako chumbani usiku.

Kuhusu kusema na kupata msaada. Najua kliniki nyingi zinamtaka mama aje na mwenza, na ni jambo jema kwa wengi, lakini kwa mwanamke kama wewe linaweza kufunga mdomo. Ipo nafasi moja ambayo mwanaume haingii: unapopelekwa kupima mkojo au kuchunguzwa nyuma ya pazia. Mwambie mkunga hapo. Mwombe pia asiandike jambo hili kwenye kadi unayorudi nayo nyumbani. Liandikwe kwenye faili la hospitali, pamoja na picha ya majeraha kama utakubali, kwa sababu siku ukihitaji ushahidi, maandishi ya leo yatakuwa na nguvu kuliko kumbukumbu ya mwakani. Kwa wenzangu wa vituoni, naomba hili tulishike sote: tusimuulize mama mambo haya mbele ya mume au mama mkwe, na tusimwite mume "tuwasuluhishe". Mama atarudi naye nyumbani jioni hiyo, sisi hatutakuwepo.

Tiba yako isikwamishwe na PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha. Mjamzito mwenye hali kama yako ahudumiwe kwanza, fomu inaweza kufuatwa polisi baadaye na ndugu unayemwamini. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Uliza mapokezi kama kipo. Msomaji aliyeko Kenya anaweza kupiga 1195 bila malipo. Na wifi anayeogopa aibu ya kaka yake ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake kwa namna ya kumwadhibu. Ni sheria yenye umri mkubwa kuliko ndoa yenu.

Sikuambii ondoka leo, wala sikuambii baki. Hilo unalijua wewe, kwa kuwa unamjua mwanaume huyo, na tunajua kwamba wakati wa kuondoka mara nyingi ndio wakati wa hatari kubwa zaidi, kwa hiyo hutangazi, unapanga. Ila ipo njia ambayo mila zetu zimeshaifungua na haihitaji maelezo: kwenda kujifungulia kwenu. Hakuna atakayeshangaa mjamzito aliyewahi kuzaa mtoto mdogo akitaka kuwa karibu na mama yake mpaka arobaini ipite. Daktari akikuandikia mapumziko na uangalizi wa karibu, umepata na karatasi ya kuonesha. Anza kupeleka vitu kidogo kidogo kwa jirani au shangazi unayemwamini: kadi ya kliniki au nakala yake, kadi ya bima kama unayo, kitambulisho, cheti cha mtoto wa kwanza, khanga mbili, nguo za mtoto, fedha ya nauli. Hifadhi namba ya dereva mmoja wa bodaboda au bajaji anayepokea simu usiku. Na ukishamaliza kusoma hapa, futa barua uliyonitumia, kama simu yako inashikwa na mtu mwingine.

Wakikuruhusu kurudi nyumbani leo baada ya kukuangalia, kwa siku chache zijazo tenga muda kila siku, ikiwezekana baada ya kula, ulale kwa ubavu wa kushoto, weka mkono tumboni na uhesabu mtoto anavyocheza. Akifika mara 10 ndani ya saa 2, sawa. Asipofika, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usimpigie mtu simu kuomba ruhusa. Mtoto mkubwa usimwache nyumbani leo unapokwenda. Mpitishe kwa jirani au nenda naye.